Kwa Nini Shule Nyingine Zapungukiwa na Watoto na Nyingine Zafurika: Habari za Thika na Ruiru

Wazazi wa upande wa Thika na Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, wameona jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni vigumu kulielewa. Juu milimani, upande wa Gatundu, zipo shule ndogo zenye madarasa mema ya mawe, na uwanja mpana wa michezo, lakini watoto ni wachache, na vyumba vingine vimefungwa kwa kufuli. Chini kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, mambo ni kinyume chake. Huko watoto hubanana katika dawati moja, na mwalimu mkuu hulazimika kuwarudisha wazazi nyumbani kwa sababu hana nafasi tena. Na baina ya pande hizi mbili safari ya matatu si ndefu.

Watu wengi hutafuta mtu wa kumlaumu. Wengine husema ya kwamba walimu wa vijijini ni wavivu, wengine husema vijana wa siku hizi hawataki kuzaa, na wengine huilaumu Serikali. Lakini idadi ya watoto shuleni ni kama maji ya mto: ukiyaona yamepungua hapa, yafaa upande juu ukatazame chemchemi, na ushuke chini ukatazame yalikokwenda. Habari hii inaeleza sababu zenyewe moja baada ya moja, kisha inaeleza yale yanayoipata shule ndogo watoto wanapopungua, maana hilo ndilo linalomgusa kila mzazi.

HESABU YA WATU YASEMA NINI

Katika Kenya watu huhesabiwa kila baada ya miaka 10. Mwaka wa 2009 Kaunti ya Kiambu ilikuwa na watu 1,623,282. Mwaka wa 2019 walikuwa 2,417,735. Maana yake ni kwamba karibu nusu nzima ya hesabu ya kwanza iliongezeka katika muda wa miaka 10 tu. Mtu akisikia hivyo atadhani ya kwamba kila shule katika kaunti hiyo imejaa. Lakini ongezeko hilo halikuenea sawasawa.

Gatundu Kusini ilikuwa na watu 114,180 mwaka wa 2009, na mwaka wa 2019 ikawa na 122,103. Gatundu Kaskazini ilitoka 100,611 ikafika 109,870. Sasa tazama bondeni. Ruiru ilitoka watu 201,986 ikafika 371,111. Thika, ukiunganisha Thika Magharibi na Thika Mashariki, ilitoka 165,342 ikafika 284,776. Yaani Gatundu zote mbili kwa pamoja ziliongeza watu kama 17,000, hali Ruiru peke yake iliongeza watu 169,125.

Tena yafaa kukumbuka ya kwamba katika muda huo huo watu wa Kenya nzima waliongezeka kwa kadiri ya 23 katika kila 100. Gatundu Kusini waliongezeka 7 tu katika kila 100. Mahali panapoongezeka polepole kuliko nchi nzima ni dalili ya mambo mawili: ama watoto wanaozaliwa ni wachache, ama watu wanahama. Katika vilima hivi mambo yote mawili yametokea pamoja.

Hata ndani ya Thika yenyewe kuna tofauti. Thika Magharibi, penye mji na viwanda, walihesabiwa watu 245,820 mwaka wa 2019. Thika Mashariki, upande wa Ngoliba na Gatuanyaga unaoelekea Kilimambogo, ambako mvua ni haba na nyumba ziko mbalimbali, walikuwa 38,956 tu. Kwa hiyo mtu anayezungumza juu ya “shule za Thika” kana kwamba zote zina shida moja, anakosea.

SABABU YA KWANZA: JAMAA ZIMEKUWA NDOGO

Mwishoni mwa miaka ya 1970, wataalamu walipopima uzazi katika Kenya, waliona ya kwamba kwa wastani mwanamke mmoja angezaa watoto 8 katika maisha yake. Wakati ule Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zenye uzazi mwingi kabisa duniani, ingawa mpango wa taifa wa uzazi wa majira ulikuwa umeanzishwa tangu mwaka wa 1967. Baadaye hesabu hiyo ilianza kushuka. Mwaka wa 1993 ilikuwa kama 5.4, mwaka wa 2014 ilikuwa 3.9, na mwaka wa 2022 ilikuwa 3.4. Katika Kaunti ya Kiambu ilikuwa imeshuka zaidi: mwaka wa 2014 wastani ulikuwa watoto 2.7, sawa na Nairobi.

Mfano mdogo utasaidia. Tuseme katika kilima kimoja wako mama 50. Zamani, kila mmoja akizaa watoto 8, kilima hicho kingeitolea shule watoto 400 katika maisha ya mama hao. Leo mama 50 wale wale, wakizaa watoto wasiofika 3 kila mmoja, hawataitolea shule hata watoto 150. Hakuna mtu aliyehama, wala hakuna mzazi aliyechukia elimu. Shule imebaki ile ile, na madarasa ni yale yale, lakini watoto wamepungua kuliko nusu.

Jambo la kuangalia ni kwamba upungufu huu hauonekani siku moja. Mtoto asiyezaliwa mwaka huu hakosekani shuleni mwaka huu. Atakosekana katika chekechea baada ya miaka 4, katika Gredi ya Kwanza baada ya miaka 6, na katika shule ya sekondari baada ya miaka zaidi ya 12. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua shule ya kijiji chake itakuwaje miaka ijayo, asihesabu watoto wa darasa la mwisho. Na aende chekechea akahesabu viti. Kama darasa la mwisho lina watoto 30 na chekechea ina watoto 8, habari yote imekwisha andikwa hapo.

Baadhi ya viongozi wa eneo la kati wamesema hadharani ya kwamba madarasa ya chekechea yamekuwa matupu kwa ajili ya pombe haramu inayowaharibu vijana. Ni kweli ya kwamba pombe mbaya huvunja nyumba na kuua watu, na kupigana nayo ni kazi njema. Lakini haiwezi kuwa sababu peke yake. Uzazi umeshuka katika sehemu nyingi za nchi, mijini na vijijini, katika nyumba za walevi na katika nyumba za watu wasioonja pombe. Mahali wasichana wanapokaa shuleni miaka mingi, huolewa baadaye na kuzaa watoto wachache. Hivyo shule yenyewe, kwa kazi yake njema ya kuwafundisha mama wa leo, imekuwa ni sababu moja ya kupungua kwa wanafunzi wake.

SABABU YA PILI: WATU WAMESHUKA KUFUATA BARABARA

Barabara kuu ya kutoka Nairobi hadi Thika ilijengwa upya na kupanuliwa kuanzia mwaka wa 2009, ikafunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba mwaka wa 2012. Urefu wake ni kama kilomita 50. Kabla ya hapo mfanyakazi wa Nairobi aliyekaa Ruiru alipoteza saa nyingi katika msongamano wa magari. Baada ya barabara kwisha, watu wengi waliona ya kwamba waweza kufanya kazi Nairobi na kulala Ruiru, Juja au Thika, ambako kodi ya nyumba ni nafuu.

Wakati huo huo ardhi ilikuwa ikibadilika. Ruiru na Thika zilizungukwa tangu zamani na mashamba makubwa ya kahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko Ruiru, na aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 kwa sababu hustahimili magonjwa, ilipata jina lake hapo. Lakini bei ya kahawa ilipoanguka, na bei ya ardhi ilipopanda, wenye mashamba wengi waliona faida zaidi katika kuuza ploti kuliko kuchuma buni. Mibuni iling'olewa, zikasimama nyumba za ghorofa. Jiji jipya la Tatu, karibu na Ruiru, linajengwa mahali palipokuwa shamba la kahawa.

Badiliko hili lilizigusa shule kwa njia mbili. Kwanza, shule iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa shambani ilipoteza wanafunzi siku ile kambi ya wafanyakazi ilipofungwa. Pili, nyumba za kupanga zilipojaa, watoto wa wageni walifika kwa maelfu, lakini ardhi ilikuwa imekwisha gawanywa ploti kwa ploti. Mahali pengi hapakuachwa hata ekari moja kwa shule ya umma. Mtu binafsi aliyenunua ploti yake hakuwa na wajibu wa kufikiri juu ya dawati la mtoto wa jirani.

Mji wa Ruiru ulihesabiwa watu 238,858 mwaka wa 2009, na 490,120 mwaka wa 2019, ukawa mji wa nne kwa ukubwa katika Kenya, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Hesabu ya mji huu ni kubwa kuliko ile ya kaunti ndogo ya Ruiru iliyotajwa juu, kwa sababu mipaka ya mji na mipaka ya kaunti ndogo si mamoja.

Tena wanaoshuka kutoka milimani si wazee. Wanaoshuka ni vijana wa miaka 20 na 30, yaani watu walio katika umri wa kuzaa. Anayebaki juu ni nyanya na babu, pamoja na chai na ng'ombe wao. Kijana akioa Ruiru, mtoto wake atasoma Ruiru. Kwa hiyo kilima hupoteza mtu mmoja leo, na kesho hupoteza darasa.

SABABU YA TATU: SHULE ZA KULIPIA

Mwezi wa Januari mwaka wa 2003 Serikali mpya iliondoa karo katika shule zote za msingi za umma. Wanafunzi wa shule za msingi katika nchi nzima walikuwa kama milioni 6 mwaka wa 2002. Mwaka wa 2003 walizidi milioni 7. Hii haikuwa mara ya kwanza. Karo ilipoondolewa katika madarasa manne ya kwanza mwaka wa 1974, hesabu ilitoka kama milioni 1.8 ikapita milioni 2.7 kwa mwaka mmoja.

Neema hiyo ilileta na taabu yake. Madarasa yalifurika, na mwalimu mmoja alijikuta mbele ya watoto 80 au 100. Wazazi waliokuwa na uwezo kidogo waliogopa ya kwamba mtoto wao hataangaliwa, wakamtoa na kumpeleka shule ya kulipia. Shule hizo zikaongezeka upesi kando ya barabara na katika vituo vidogo vya biashara. Barabara ilipokuwa nzuri, basi la shule liliweza kupanda hadi kilimani alfajiri, kuchukua watoto watano hapa na saba pale, na kushuka nao.

Kwa shule ndogo ya kijijini pigo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Shule yenye watoto 900 ikipoteza 20, mwalimu mkuu hatambui. Shule yenye watoto 120 ikipoteza 20, imepoteza mmoja katika kila sita. Na mara nyingi wanaoondoka ni watoto wa wale wazazi ambao wangehudhuria mikutano na kuuliza maswali.

Maji haya hurudi pia. Mwezi wa Machi mwaka wa 2020 shule zote zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na madarasa yote hayakufunguliwa mpaka Januari mwaka wa 2021. Katika muda huo baadhi ya shule za kulipia zilishindwa kulipa kodi na mishahara, zikafungwa kabisa, na watoto wao wakarudi katika shule za umma.

SI MARA YA KWANZA

Wazee wa Kiambu wanajua ya kwamba shule za nchi hii zimepungukiwa na kujaa tena mara nyingi. Mwaka wa 1929 na 1930, wakati wa ugomvi juu ya tohara ya wasichana, wazazi wengi wa Kikuyu waliwatoa watoto katika shule za misheni, wakaanzisha shule zao za kujitegemea. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1952, shule nyingi za kujitegemea zilifungwa, na kuanzia mwaka wa 1954 watu walihamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao na kukusanywa vijijini. Madarasa yalitawanyika pamoja na jamaa zao.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, nchi nzima ilikuwa na watoto 891,553 katika shule za msingi. Watu wakaanza kujenga kwa Harambee. Mwenye ardhi alitoa kipande, mwenye mkono alichimba msingi, na mama walibeba mawe na maji. Shule nyingi za milimani zimesimama juu ya ardhi iliyotolewa hivyo. Waswahili husema, usione vyaelea, vimeundwa. Ndiyo maana mtu akisema “shule hii ifungwe”, wazee husikia uchungu ambao hauandikwi katika jedwali la hesabu.

FEDHA HUFUATA KICHWA CHA MTOTO

Sasa yafaa kueleza kwa nini upungufu wa watoto huiumiza shule. Serikali hupeleka fedha shuleni kwa kuhesabu vichwa. Mwaka wa 2003 kiwango kilikuwa Shs. 1,020 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka. Baadaye kikawa Shs. 1,420. Tuseme shule moja ina watoto 90. Zidisha kwa 1,420, utapata Shs. 127,800 kwa mwaka, yaani Shs. 10,650 kwa mwezi. Shule nyingine ina watoto 1,200. Hiyo hupata Shs. 1,704,000 kwa mwaka.

Lakini shule zote mbili zina lango moja, na zote mbili zahitaji mlinzi wa usiku. Mvua ikiezua paa, fundi hataiuliza shule ndogo ina watoto wangapi kabla ya kutaja bei ya mabati. Kwa hiyo shule ndogo hushindwa si kwa sababu imefuja fedha, bali kwa sababu gharama zake nyingi hazipungui watoto wanapopungua.

Habari ya walimu ni hiyo hiyo. Kanuni iliyozoeleka ni mwalimu mmoja kwa watoto 40. Kama kanuni hiyo ingefuatwa kwa ukali, shule yenye watoto 90 ingepata walimu wawili au watatu, nayo ina madarasa sita kuanzia Gredi ya Kwanza hadi ya Sita. Tangu Januari mwaka wa 2023, sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, imewekwa katika uwanja wa shule ya msingi. Hapo mwalimu wa hesabu hutakiwa, na wa sayansi, na wa Kiswahili, na wa kilimo. Darasa la watoto 12 lina masomo mengi sawa na darasa la watoto 60, lakini ni vigumu kwa Tume ya Huduma kwa Walimu kulipelekea walimu sawa.

Katika taabu hiyo kuna kishawishi kibaya, nacho ni kuandika majina ya watoto wasiokuwapo ili fedha ziongezeke. Mwaka wa 2025 Wizara ya Elimu iliamuru hesabu ya wanafunzi ihakikishwe upya katika shule za umma, na majina mengi ya wanafunzi hewa yaligunduliwa. Shule inayofanya hivyo huziibia shule nyingine, tena hujidhuru yenyewe, maana hesabu ya uongo huficha shida ambayo ingepata dawa.

TAHADHARI KWA WANAOSOMA HESABU

Mtu akitaka kulinganisha hesabu za shule yake za mwaka wa 2022 na za miaka iliyofuata, na awe mwangalifu. Zamani shule ya msingi ilikuwa na Darasa la Kwanza hadi la Nane. Mtihani wa mwisho wa Darasa la Nane ulifanywa mwaka wa 2023, na katika utaratibu mpya watoto hukaa katika uwanja ule ule hadi Gredi ya 9. Shule yaweza kuonekana imeongeza watoto, kumbe imeongeza darasa tu. Hali kadhalika, mwaka wa 2025 shule za sekondari hazikupokea Kidato cha Kwanza. Aliyeona uwanja wa sekondari umepwaya mwaka huo asidhani ya kwamba watoto wamekimbia. Njia ya haki ni kulinganisha darasa moja na darasa lile lile: Gredi ya Kwanza ya mwaka huu na Gredi ya Kwanza ya miaka mitano iliyopita.

JE, SHULE NDOGO ZIUNGANISHWE?

Jambo hili si la Kiambu peke yake. Katika Marekani kulikuwa na wilaya za shule zaidi ya 117,000 mwaka wa 1940. Sasa ni kama 13,000, kwa sababu wilaya ndogo za vijijini ziliunganishwa. Katika Japani, ambako uzazi ni mdogo sana, mamia ya shule za umma hufungwa kila mwaka. Mahali pengine kuunganisha kumeleta walimu bora na maabara. Mahali pengine kumeleta safari ndefu kwa watoto, na kijiji kilichopoteza shule kimepoteza na mahali pa mikutano yake, kisha hata vijana waliobaki wakaondoka.

Katika vilima vya Gatundu kuna jambo moja zaidi la kufikiri. Mito kama Ruiru, Thiririka na Ndarugu imechimba mabonde marefu baina ya vilima. Shule mbili zinaweza kuonekana karibu katika ramani, lakini baina yao kuna mteremko mkali, na daraja la miti, na mlima wa kupanda. Mtu mzima hupita bila taabu. Mtoto wa miaka 4 akipita huko asubuhi wakati wa masika ni habari nyingine. Anayepima umbali kwa rula katika ofisi yuko mbali na anayeupima kwa miguu ya mtoto.

Sheria imeliona jambo hili. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 yataka shule ziwe mahali panapofikika kwa umbali wa wastani. Kwa hiyo mtu asikubali kuambiwa ya kwamba idadi ndogo peke yake yatosha kufunga shule. Wala asikubali kuambiwa ya kwamba shule isiguswe kamwe, hata kama watoto watano wanakaa na mwalimu mmoja asiyeweza kuwafundisha masomo yote.

Baina ya kufunga na kuacha kuna njia nyingine. Madarasa mawili madogo yanaweza kufundishwa na mwalimu mmoja kwa zamu, mradi mwalimu huyo amefunzwa kazi hiyo. Shule mbili jirani zinaweza kubaki na chekechea na madarasa ya chini kila moja mahali pake, na kuunganisha Gredi ya 7 hadi ya 9 tu, maana mtoto wa miaka 12 aweza kutembea. Mwalimu wa sayansi anaweza kugawanya juma baina ya shule mbili.

MAMBO AWEZAYO MZAZI KUFANYA

Kwanza, ajue ya kwamba chekechea iko chini ya Serikali ya Kaunti, na shule ya msingi iko chini ya Serikali Kuu. Malalamiko juu ya chekechea yakipelekwa kwa Wizara, na ya shule ya msingi yakipelekwa kwa Gavana, muda utapotea bure.

Pili, kila shule ya umma ina Halmashauri ya Usimamizi, na wazazi wana wajumbe ndani yake. Kabla ya neno la kuunganisha kuamuliwa, wajumbe hao na wafike katika Halmashauri ya Elimu ya Kaunti wakiwa na hesabu mkononi: watoto wangapi katika kila darasa kwa miaka mitano, watoto wangapi walio chini ya miaka 4 katika kilima, na dakika ngapi mtoto hutembea hadi shule ya pili. Machozi huonewa huruma, lakini hesabu hujibiwa.

Tatu, mtoto aandikishwe kuzaliwa kwake mapema. Tangu Wizara ilipoanza kuandika wanafunzi katika mtambo wa NEMIS mwaka wa 2017, fedha za shule zilifuata jina la mtoto lililoandikwa humo. Mtoto asiye na karatasi aweza kukaa darasani kila siku, na bado katika hesabu ya fedha awe kama hayupo.

Nne, wakazi wapya wa Ruiru, Juja na Thika wanaponunua ploti na waulize, kabla ya kutoa fedha, mahali pa shule ya umma ni wapi katika ramani ya mahali hapo. Kama hapana, waulize tena katika mkutano wa hadhara, na jibu liandikwe. Ardhi ikiisha kujengwa ghorofa, hairudi.

Wazee wa Harambee walijenga shule kwa watoto waliowaona mbele yao, nao walikuwa wengi. Kizazi cha leo kimepewa kazi ngumu zaidi: kujenga bondeni upesi, na kupunguza mlimani kwa busara, bila kumwacha mtoto wa pande zote mbili nje ya lango. Mtoto aliye peke yake katika darasa la kilimani na mtoto wa tano katika dawati la Ruiru wana haki moja, na kila mmoja hupita katika gredi ile mara moja tu.